Aliyeita Kutoka Fungu Bubu

Siku hiyo Mahamudu alitumwa kupeleka barafu tu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, wanunuzi wa kamba wameingia delta kwa vishindo, na kila kijiji kilikuwa na boti ya mashine ya tajiri fulani. Mahamudu aliendesha mojawapo. Kazi yake ilikuwa kupeleka masanduku ya barafu kwenye kambi za wavuvi huko visiwa vya nje, kisha kurudi kijijini Salale na kamba kabla hawajaharibika. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiye na maneno mengi. Mkewe, Maulida, alizoea kumtania kwamba siku ya kugawa maneno yeye alifika watu wameshatawanyika.

Alasiri hiyo kambi hazikuwa na kamba wa maana. Alishusha barafu, akageuza boti. Mbele alikaa abiria wake mmoja tu, shemeji yake Mudrick, kitinda mimba wa kwao Maulida. Alikuwa ameukumbatia ubao wake kama mtu aliyepakata mgonjwa.

Ubao huo ndio kitu pekee Mudrick alichorudi nacho kutoka Durban. Wenzake waliozamia meli walirudi na redio kaseti na mabegi ya nguo. Yeye alirudi na ubao mweupe, mrefu kuliko yeye, umechongoka mbele, chini una mapezi kama ya samaki. Huko alikuwa amejifunza kusimama juu yake na kuteleza kwenye uso wa wimbi kabla halijavunjika. Watoto wa Salale waliuita ulimi wa nyangumi. Wazee waliuita upuuzi. Maulida hakuupa jina. Aliuogopa tu.

"Asubuhi, sawa," alikuwa amemwambia mumewe. "Maji yakiwa yanajaa, na wewe ukiwa pale. Lakini jioni usimpeleke. Niahidi, Mahamudu."

Mahamudu aliahidi.

Tatizo ni kwamba njia ya kurudi nyumbani ilipita ubavuni mwa Fungu Bubu.

Fungu Bubu ni mwamba wa matumbawe ulioko nje ya mlango wa mto, upande ambao kisiwa cha Mafia hakiukingi. Bahari hapo inatoka kwenye kina kirefu na kukutana na mwamba ghafla, kama mtu aliyejikwaa gizani. Wimbi linainuka kwenye ncha ya kusini, mahali Mudrick alipopaita Pembe, kisha linajikunja kwa mpangilio, kipande kwa kipande, mpaka kwenye mkondo wa kaskazini ambako maji ni marefu na boti inaweza kusubiri. Mudrick alikuwa amezunguka pwani nzima akitafuta wimbi kama hilo. "Shemeji," alisema siku ya kwanza kuliona, "kule Durban wangelijua hili, wangepanda ndege kulifuata."

Lakini lilikuwa wimbi lenye masharti. Maji yawe nusu, na yawe yanajaa. Upepo uwe mwembamba, utoke bara, ili uusimamishe uso wa wimbi badala ya kuubomoa. Maji yakiwa yanatoka, hiyo ni habari nyingine kabisa. Maji yote yaliyolala nyuma ya mwamba yanatafuta njia ya kutoka kwa pamoja, na mkondo unamburura mtu mpaka katikati, mahali panapoitwa Menoni. Pale matumbawe yamesimama kama misumari. Wimbi likija linafyonza maji yaliyo mbele yake mpaka mwamba unabaki uchi, halafu linaanguka juu ya huo uchi.

Na kulikuwa na sharti jingine, la zamani kuliko ubao wa Mudrick. Pale Fungu Bubu mtu haitwi kwa jina lake. Wanawake wanaokwenda pale kuchokoa pweza maji yakikauka huitana kwa mluzi, au hugonga chuma kwenye jiwe. Mahamudu aliyakuta hayo, akayafuata bila kuuliza, kama vile mtu asivyouliza kwa nini hafagii usiku.

Asubuhi walizokwenda pale walikuwa na utaratibu wao. Mahamudu alikaa kwenye boti mkondoni, akitazama mbali. Mawimbi hayaji moja moja, huja kwa makundi, na katikati bahari hupumzika. Akiliona kundi linakuja aliinua kafi juu. Mudrick, akiwa amelala kifudifudi juu ya ubao kule Pembe, aliliona kafi na kuanza kupiga maji kwa mikono.

Kuna jambo ambalo Mahamudu hakumwambia mtu, hata Maulida. Alipenda kumwangalia. Yule kijana mwembamba, anasimama mahali ambapo hakuna binadamu anayesimama, ukuta wa maji nyuma ya mgongo wake, mkono mmoja umenyooka kana kwamba anapapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Mahamudu alikuwa ameishi baharini maisha yake yote na bahari haikuwahi kumchekesha. Sasa ilimchekesha. Alikuwa anasubiri asubuhi hizo kama mtoto anavyosubiri Idi.

Jioni ile ya barafu lilikuwa bamvua, maji makubwa ya mwezi. Maji yalikuwa yamejaa alasiri na sasa yalishaanza kutoka. Upepo wa kusi ulikuwa umelala. Bahari ilikuwa laini, inang'aa kama imepakwa mafuta, na huko nje mistari mirefu ilikuwa inakuja, mmoja nyuma ya mwingine, mikubwa kuliko yote waliyopata kuiona.

Mudrick aliiona. Aligeuza shingo tu, akamtazama shemeji yake.

"Maji yanatoka," Mahamudu alisema.

"Ndiyo kwanza yameanza. Mwamba bado umefunikwa."

"Dada yako..."

"Dada yuko Salale, shemeji. Moja tu. Wimbi moja, twende zetu."

Baadaye, watu walipomuuliza, wengi walimpa Mahamudu maneno ya kujitetea. Kijana alikung'ang'aniza, walisema. Vijana wa siku hizi hawasikii. Yeye alinyamaza, kwa sababu alijua ukweli. Kabla Mudrick hajafungua mdomo, mkono wa Mahamudu mwenyewe ulikuwa tayari umepunguza moto wa mashine.

Mudrick alirusha ubao majini, kisha akasita. "Kafi sitaliona. Jua litakuwa linanipiga machoni." Ni kweli, jua lilikuwa linashuka nyuma ya mikoko, na mtu aliye upande wa nje akitazama bara hakuona chochote isipokuwa moto. "Piga mluzi."

"Haya. Nenda upesi."

Aliliona kundi la kwanza. Akapiga mluzi.

Wimbi likainuka pale Pembe, jeusi chini, la dhahabu juu. Mudrick akawa nalo. Akasimama. Likamfunika kwa juu kama paa, akapotea ndani yake, Mahamudu akashika ukingo wa boti... kisha akachomoka upande wa pili, mikono juu, anacheka.

Mahamudu naye akasimama, boti inayumba.

"Mudrick!" akapiga kelele. "Mudriiick! Mwanaume weee!"

Jina likamtoka tu. Furaha ndiyo iliyolitoa.

Sauti yake ikaenda juu ya mwamba. Haikurudi.

Ndege waliokuwa wakielea karibu na povu waliinuka wote pamoja, wakaondoka bila kulia. Hewa ikabadilika. Kulikuja harufu, si ya samaki, si ya mwani. Ilikuwa kama harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi na mtu ameondoa kifuniko.

Mudrick alifika kando ya boti, macho yanawaka. "Umeliona?"

"Nimeliona. Panda twende."

"Shemeji... moja tena."

Hapa pia angeweza kukataa. Angemkamata fulana na kumvuta ndani. Aliutazama mwamba, akaona maji yameshageuka rangi, yanakimbia kuelekea nje kwa mikunjo. Alimtazama Mudrick. Alitaka kuona tena.

"Haraka basi," alisema.

Mudrick akazunguka kwa nje, akaenda zake. Jua likagusa mikoko. Mahamudu akaketi, akatazama mbali, midomo imekaa tayari kwa mluzi.

Ndipo akasikia mtu anaita.

"Mudrick..."

Ilitoka Menoni. Katikati ya mwamba, mahali ambapo hakuna pa kusimama.

"Mudrick, njoo huku. Huku ni kuzuri."

Mahamudu aliigusa midomo yake kwa vidole. Ilikuwa imefungwa.

Sauti ilikuwa yake. Ile ile, yenye mkwaruzo kidogo wa tumbaku, yenye kuvuta neno la mwisho. Hata ule upole wake.

Kule nje Mudrick aliinua mkono, akakinga jua. Hakuona kitu. "Huko, shemeji?"

"Huku. Njoo."

Akageuza ubao.

"Hapana!" Mahamudu alipiga kelele. "Mudrick, usiende! Njoo huku!"

"Hapana!" ikasema ile nyingine, kwa hofu ile ile, kwa pumzi ile ile. "Mudrick, usiende! Njoo huku!"

Kijana alisimamisha mikono. Aligeuza kichwa upande huu. Akageuza upande ule. Mahamudu alikumbuka mluzi, akaweka vidole mdomoni, lakini mdomo ulikuwa mkavu, ikatoka pumzi tupu. Mluzi ukatoka Menoni. Safi, mrefu, kama alivyoupiga yeye muda mfupi uliopita.

Mudrick akaanza kupiga maji kuufuata.

Bahari ikavuta pumzi. Mwamba ukabaki uchi, mweusi, unatiririka. Na pale kwenye mwamba mkavu Mahamudu aliona, au alidhani ameona, mtu amechutama, mgongo ameuelekezea bara, mikono ameikunja mdomoni kama anayeita.

Kisha wimbi likaanguka.

*

Mahamudu alimtoa yeye mwenyewe. Aliingiza boti ndani ya povu wakati mawimbi yamepumzika, mashine ikakwaruza mwamba, akamkamata fulana na kumvuta. Mguu wa Mudrick ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi. Uso ulikuwa umechanika, macho yamejaa damu na mchanga wa matumbawe. Alikuwa hai. Ubao haukuonekana tena.

"Shemeji," Mudrick alisema, amelala kwenye sanduku tupu la barafu. Alisema bila hasira, kama anayeuliza njia. "Mbona umeniita kule?"

Mahamudu aliongeza moto wa mashine.

Walimpeleka kwa boti mpaka Nyamisati, kutoka hapo kwa lori mpaka hospitalini Mchukwi. Maulida alikaa nyuma ya lori, kichwa cha mdogo wake mapajani, na hakumtazama mumewe njia nzima. Walipofika, manesi wakamchukua Mudrick, wakabaki wawili barazani.

"Nilikuomba kitu kimoja," Maulida alisema.

"Ndiyo."

"Anasema ulimwita. Ulimwita?"

"Jina nililiita. Lakini kule sikumwita, Maulida. Wallahi."

"Sasa nani alimwita?"

Swali hilo Mahamudu alibaki nalo. Kuna usiku, akiwa amelala, alianza kujiuliza mwenyewe. Pengine hakukuwa na sauti nyingine. Pengine alichanganyikiwa, akamwelekeza kijana upande mbaya, na kichwa chake kikamtungia mtu wa mwambani ili apate pa kutupia mzigo. Hakujua lipi lilikuwa baya zaidi.

Hospitalini walimtibu Mudrick vizuri. Mguu ukaunga, ingawa ulibaki mfupi. Macho hayakurudi. Aliona mwanga na kivuli, basi. Watu aliwajua kwa sauti.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza upya.

Jioni moja, wakati wa magharibi, Mahamudu alikuwa ameketi kando ya kitanda akimenya chungwa. Mudrick alikuwa amelala. Mara akainua kichwa kutoka kwenye mto, akageukia dirishani.

"Naam, shemeji!" akaitika. "Nakuja, ngoja nivae."

Akaanza kushuka kitandani.

Mahamudu alimshika mabega. "Unaongea na nani?"

Mudrick aliganda. Akageuza uso wake uliojaa makovu kuelekea kwa Mahamudu, kisha tena dirishani. "Upo hapa?" alinong'ona. "Si umeniita sasa hivi, kule nje?"

Kesho yake ikawa hivyo tena. Na siku iliyofuata.

Shangazi yake Maulida, Bi Mwanaharusi, alikuja kumwona mgonjwa na kapu la mihogo. Alikuwa mwanamke mkavu, mikono imejaa alama za chuma na matumbawe, amechokoa pweza Fungu Bubu tangu msichana. Mahamudu alimwamkia, akampeleka pembeni, akamweleza yote. Moja tu hakulisema, kwamba yeye mwenyewe alitaka kuona.

Bi Mwanaharusi alisikiliza huku akitazama ardhi.

"Na jina ukaliita," alisema.

"Nililiita, shangazi. Lilinitoka."

"Mh."

"Ni nini kile? Ni jini?"

"Mimi nitajuaje? Mama yangu alisema ni mtu. Waliokwenda naye walimwacha pale, maji yakajaa, akawaita majina yao, mmoja mmoja, mpaka sauti ikamwisha. Wengine wanasema hakuna mtu, ni mwamba wenyewe una tabia hiyo. Ninalolijua ni kwamba hana sauti yake. Hutumia za watu." Alisita. "Lakini sijawahi kusikia imeacha bahari ikaja bara. Hilo ni geni kwangu. Sijui umeipa nini kingine, mwanangu, hata ikakufuata."

Mahamudu alilichukua lile kapu la mihogo, akatangulia ndani.

Walimnywesha Mudrick kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini. Wakamleta mganga kutoka Maparoni, akafukiza nje ya ua wa hospitali, akapiga ngoma, akakusanya vitu vyake akaondoka. Jioni iliyofuata Mudrick aliitika tena dirishani.

Ndipo Mahamudu akaamua. Alikaa kitandani pa Mudrick mchana, jua kali, Maulida akiwa amesimama karibu, akauchukua mkono wa kijana.

"Nisikilize vizuri, kwa sababu sitarudia. Kuanzia leo sisemi. Si kwako tu, kwa mtu yeyote. Ukisikia sauti yangu, mahali popote, saa yoyote, jua si mimi. Mimi nitakugusa. Hivi." Akambonyeza kiganja kwa dole gumba. "Umeelewa? Sauti si mimi. Mkono ndio mimi."

"Shemeji, utaishije bila kusema?"

Mahamudu alimbonyeza kiganja. Hakusema tena.

*

Walipanga vyumba viwili Kibiti mjini, mbali na bahari na karibu na hospitali. Mahamudu akapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mahali penye kelele kiasi kwamba hakuna aliyehitaji jibu lake. Wateja walimwita Bubu. Maulida alizoea kusoma mabega yake. Hakuwa amemsamehe wazi wazi, lakini siku moja alimpigia pasi shati bila kuombwa, na Mahamudu alilivaa kwa uangalifu siku nzima kama kitu cha kuazima.

Sauti iliendelea kuja magharibi, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Ilimwita Mudrick kwa upole. Ilimwambia chakula tayari. Ilimwambia kuna mgeni wake kutoka Durban.

"Si wewe," Mudrick alinong'ona.

Mkono ukambonyeza. *Si mimi.*

Ikafika mahali wakawa wanacheka, Mudrick kwa sauti, Mahamudu kwa kutikisa kitanda. Halafu ikawa inakuja kwa nadra. Halafu ikanyamaza kabisa, na Mudrick akanenepa kidogo, akaanza kuongelea kujifunza kusuka mikeka.

Lakini Mahamudu hakupona. Kuna neno moja ambalo hakulisema kabla ya kufunga mdomo. Alikuwa amekusudia kulisema. Kule lorini alikusudia. Hospitalini alikusudia. Kila mara alisubiri Maulida atoke, au Mudrick aamke, au maneno yajipange. Halafu ukaja ukimya, na ukimya ule aliouchagua kumlinda kijana ukawa pia mahali pazuri pa kujificha. Nani atamdai bubu aombe msamaha? Aliijua hila hiyo. Kila alipombonyeza Mudrick kiganja aliihisi, ndogo, ngumu, kama kokoto ndani ya kiatu.

Masika yakaingia.

Jioni ile mvua ilianza kabla ya magharibi, ikapiga bati kama inataka kuingia. Maulida alikuwa kwenye banda la jikoni, ng'ambo ya ua, amezingirwa na maji. Chumbani taa haijawashwa. Mudrick alikaa ukingoni mwa kitanda, Mahamudu kwenye kigoda karibu naye.

Kwa mvua ile mtu angelazimika kupiga kelele ili asikike. Sauti haikupiga kelele. Ilisikika vizuri kabisa, nyuma ya mlango.

"Mudrick..."

Mudrick alishtuka. Muda mrefu ulikuwa umepita. Aliunyoosha mkono gizani, Mahamudu akaushika, akambonyeza.

"Si wewe," alinong'ona.

"Mudrick. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mkono wa Mudrick ukalegea.

"Hukuning'ang'aniza," sauti ikasema. "Watu wanasema ulining'ang'aniza. Kabla hujafungua mdomo, mkono wangu ulishapunguza moto. Nilimwahidi dada yako, na niliivunja ahadi kwa sababu nilitaka kukuona juu ya maji. Nilipenda kukuona. Uliponiomba mara ya pili, niliona maji yamegeuka. Niliona. Nikakuruhusu kwa sababu nilitaka tena."

Mahamudu alikaa kwenye kigoda, na kila neno lilimtoka kifuani bila kupitia mdomoni mwake. Hakuwahi kumwambia mtu. Hata katika sala alilizunguka.

Harufu iliingia chini ya mlango. Matumbawe yaliyoachwa na maji. Huku, Kibiti, kando ya barabara kuu.

"Nisamehe," sauti ikalia. Ililia kweli, kilio cha mtu mzima asiyejua kulia. "Nimekupofusha. Nisamehe, shemeji."

Mudrick naye alikuwa analia. "Siku zote nimekuwa nasubiri useme," alisema kuelekea mlangoni. "Sikutaka kingine. Nilisubiri useme tu. Nimekusamehe. Wallahi nimekusamehe."

"Njoo unipe mkono."

Mudrick akasimama.

Mahamudu alimkamata kwa mikono yote miwili. Kijana akavuta. Akaburura ule mguu mfupi kuelekea mlangoni, naye Mahamudu akaburutwa kutoka kwenye kigoda, magoti sakafuni, meno ameyauma. Angesema nini? Akisema, zingekuwa sauti mbili tena, na mara ya kwanza sauti mbili zilileta nini? Alishikilia. Alishikilia mpaka mifupa ya kiganja cha Mudrick ikasugana.

"Niachie!" Mudrick alipiga kelele. "Niachie, yuko nje!"

Hakumwachia.

Mvua ikapungua, ghafla kama ilivyokuja. Adhana ya isha ikasikika kutoka msikitini. Nje pakawa kimya. Mudrick aliishiwa nguvu, akakaa sakafuni, anahema.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Maulida, ameloa, taa mkono mmoja na sufuria ya wali mwingine. Aliwatazama wale wawili chini, mmoja amemshika mwenzake.

"Kuna nini?"

Mudrick alikuwa amegeuza uso kuelekea pale mkono ulipotoka. Alikuwa ametulia sasa. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Mahamudu hakuwa amekiona tangu siku ya mwamba.

"Shemeji," alisema polepole. "Najua umekataza. Lakini nijibu hili moja. Yale maneno ya sasa hivi... ni wewe uliyeyasema?"

Ilitosha kunyamaza. Ilitosha kutombonyeza kiganja, na Mudrick angejua kwamba si yeye. Lakini msamaha ulikuwa umeshatolewa. Ulikuwa umetoka kwenye kinywa cha kijana na ulikuwa umekwenda nje, kwenye matope, kwa kitu kisicho na jina. Mahamudu aliuona unakwenda. Maneno yalikuwa yake, kila moja. Majuto yalikuwa yake. Kwa nini kile ndicho kisamehewe?

Alifungua mdomo. Sauti ilitoka na kutu.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyesema, Mudrick."

Mudrick alitabasamu.

Lile tabasamu lilikaa usoni kidogo. Kisha likaanza kuondoka, kuanzia machoni.

"Ulikuwa nje," alisema. "Uliongea kutoka nje, nyuma ya mlango."

Mahamudu alihisi kile kiganja ndani ya mikono yake kinapoa.

"Kama wewe ulikuwa nje," Mudrick alinong'ona, "huyu aliyenishika humu ndani ni nani?"

"Mudrick, ngoja..."

Kijana aliuchomoa mkono. Akajisukuma nyuma, nyuma, mpaka mgongo ukagonga ukuta. Alijikinga na Mahamudu kwa viganja. Maulida aliweka taa chini, akamwendea, akataka kumshika; naye akamsukuma, kwani hakujua tena mkono ni wa nani.

"Shemeji!" Mudrick alipiga kelele. Hakumgeukia Mahamudu. Alipiga kelele kuelekea mlango uliokuwa wazi, kuelekea giza la ua. "Shemeji, kuna kitu humu ndani! Njoo unitoe!"

Maulida alimtazama mumewe mdomoni. Mahamudu alikuwa ameuziba kwa mikono yote miwili.

Nje, kwenye matope, mtu aliitika.

"Nakuja."